Siku Mungu wa Jiko Aliposikia Kiingereza

Watu wa Heqiao wakitaka kumwelekeza mgeni kwa Mwalimu Weng hawamtajii mtaa wala nambari ya nyumba. Humwambia afuate harufu ya soya inayochemka mpaka duka la tofu la Mzee Lu, kando ya daraja la mawe, kisha asimame atege sikio. Akisikia watoto wakipiga kelele kwa pamoja kama bata waliofunguliwa bandani, basi apande ngazi.

Chumba ni kimoja, sakafu ni ya mbao, na mbao zenyewe zimeachana kiasi kwamba mvuke wa tofu hupenya na kuwapasha watoto nyayo. Majira ya baridi hakuna hita nyingine. Hapo ndipo Weng Xiuzhi anapofundisha Kiingereza tangu kiwanda cha hariri kilipofungwa na wakalimani wake wakarudishwa nyumbani, kila mmoja na blanketi la kuagwa. Ni mwanamke mfupi, sauti yake kubwa kuliko kifua chake, na mzaha wake huanza kuucheka mwenyewe kabla haujafika mwisho. Ukimkuta sokoni akivutana na muuza vitunguu hutadhani kwamba mbele yako amesimama bingwa wa maneno ya huzuni katika mji mzima.

Ndivyo ilivyo. Kuna walimu wanaosifika kwa sarufi, wengine kwa matamshi. Weng anasifika kwa ukurasa mmoja. Kitabu chake alikitunga mwenyewe na kukitoa fotokopi mwenyewe: ukurasa wa matunda, wa ndugu na jamaa, wa hali ya hewa, na kuendelea. Katikati, mahali ambapo vitabu vya wenzake huweka siku ya kuzaliwa na keki, yeye ameweka huzuni na giza. Hapo kuna giza la kupapasa ukuta na giza la wingu tu lililopita, kuna majonzi, simanzi na ukiwa, kuna unyonge wa Jumapili jioni. Kila neno la Kiingereza limekaa kwenye mstari wake, na pembeni pana nafasi tupu. Ile nafasi ni ya kitu. Sheria ya Weng ni kwamba neno halijawa lako mpaka ulete kitu kutoka nyumbani kinachofanana nalo. Ukurasa wa matunda huliwa pale pale, kwa hiyo unapendwa. Ukurasa wa giza wazazi wengi wangependa urukwe, naye hajawahi kuuruka.

"Mtoto asiye na neno la kulilia," huwaambia, "atalia kwa kupiga mlango teke. Nani atalipa mlango?"

Sababu ya kweli huisimulia mara chache, na hata hapo huisimulia kama kichekesho. Baba yake alikuwa mpiga makasia wa mashua ya matofali, na yeye alijifunza Kiingereza kwa redio huku akimenya njugu za majini za kuuza. Katika Kiingereza cha redio ile kila mtu alikuwa mzima. Hujambo? Sijambo, asante, na wewe je? Hakuna aliyeumwa kichwa, hakuna aliyefiwa hata na kuku. Akakimeza chote, akapata kazi ya ukalimani kiwandani. Wiki ambayo mama yake alilazwa Hangzhou na madaktari wakaanza kuongea kwa sauti ya chini, akaja mama mmoja wa Kibelgiji kununua hariri. Yule mama alimwona macho mekundu, akamshika mkono, akamuuliza hali. Mdomo wa Weng ukafunguka wenyewe: sijambo, asante, na wewe je?

Mbelgiji akafurahi. Akamsimulia likizo yake yote, mpaka jinsi mbwa wake alivyoogopa mawimbi. Weng aliisikiliza hadithi ya mbwa hadi mwisho, machozi yakimdondoka juu ya sampuli.

"Hariri ya rangi ya pichi," husema, tayari anacheka, "ikatoka na madoadoa. Tukaiuza kama mtindo mpya."

Sisi tunaojibu "nzuri" hata paa likiwaka moto tunamwelewa. Ila Weng hakuishia kuelewa. Mama yake alipozikwa, alikaa na kamusi majira ya baridi mazima akiyatafuta maneno ambayo redio ilimficha, na huo ndio mwanzo wa ukurasa.

Sasa, mwaka ninaousimulia, ukurasa huo ulikaribia kumnyang'anya mkate. Ng'ambo ya pili ya mfereji ilifunguliwa Klabu ya Nyota Angavu, milango ya kioo, hita ya kupuliza hewa ya moto, na mwalimu kijana kutoka New Zealand mwenye ndevu nyekundu, ambaye bibi wote wa mji walimpenda kwa kuwa alikula tofu inayonuka bila kukunja uso. Majani ya miti yalipoanza kuanguka, nusu ya watoto wa Weng walikuwa wamevuka daraja. Waliobaki walikuwa wanatosha kulipia chumba, hawatoshi kumlisha mwalimu. Mumewe, fundi saa, hakusema lolote, lakini alianza kukata vipande vya nyama vyembamba kuliko zamani.

Mdogo wake Deshun, mwenye kiwanda cha soksi katika wilaya ya jirani, ndiye aliyesema.

"Dada, njoo huku," alimwambia kwenye simu. "Nakuweka kwenye lebo. Utaandika kwa Kiingereza 'pamba' na 'usipige pasi'. Soksi hazivuki daraja."

"Nipe mpaka darasa la wazi."

"Na likiharibika?"

"Likiharibika nitakuja kuandika pamba."

Darasa la wazi ni mtihani wa mwalimu. Wazazi, na hapa kwetu maana yake ni bibi, kwa kuwa wazazi wako viwandani au ng'ambo, huja kukaa nyuma ya chumba na kumwangalia akifundisha. Akiwaridhisha, watoto wanaandikishwa kwa majira ya kuchipua. Asipowaridhisha, kila mtu anakumbuka kwamba Nyota Angavu wana hita. Weng alichagua Jumamosi, akawatangazia watoto, akawaambia zamu ni ya ukurasa wa giza na kila mmoja aje na kitu chake.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Kalenda zetu za kuchana zina tarehe mbili katika karatasi moja: juu, kwa herufi kubwa, siku ya shule na serikali, chini, kwa herufi ndogo kama chawa, siku ya mwezi mwandamo, ambayo ndiyo miungu, mababu na bibi wanaifuata. Weng alisoma ya juu. Asubuhi ya Jumamosi, akipanda ngazi na chaki zake, alimkuta Mzee Lu juu ya kigoda mbele ya jiko kubwa la tofu, anapaka sukari ya kunata kwenye mdomo wa ile picha ya mungu wa jiko iliyobandikwa juu ya moto.

Weng alisimama ngazi ya tatu. "Mzee Lu. Usiniambie ni leo."

"Leo anapaa," alisema Mzee Lu bila kugeuka. "Hukusoma kalenda?"

"Nilisoma."

"Herufi zipi?"

Mungu wa jiko hukaa mwaka mzima juu ya moto akisikiliza kinachosemwa nyumbani. Wiki moja kabla ya mwaka mpya hupanda mbinguni kutoa taarifa. Ndiyo maana hupakwa sukari mdomoni, aseme matamu au asiweze kusema kabisa. Siku hiyo mtu hapaazi sauti, havunji bakuli, hamtaji marehemu. Na huyu wa Mzee Lu, ambaye kwa jinsi jiko lilivyo alikuwa wa kwanza mtaani kwa kusikia, alikaa moja kwa moja chini ya sakafu yenye nyufa ambayo juu yake, baada ya muda mfupi, watoto wote wa Weng wangepiga kelele za simanzi.

Alimpigia Deshun.

"Fundisha matunda," alisema Deshun.

"Watoto wameshabeba vitu vyao."

"Vitu gani?"

Weng alichungulia dirishani. Watoto walikuwa wanavuka daraja na bibi zao. Mmoja alikuwa ameshika tundu la ndege lisilo na ndege. Mwingine mwavuli uliovunjika mbavu. Msichana mmoja alikuwa amekumbatia chungu cha kuchemshia dawa, kitu ambacho hata kukiazima kwa jirani ni nuksi.

"Usiulize," alisema, akakata simu.

Bibi walipanda mmoja mmoja, na chupa za maji ya moto kifuani na mbegu za alizeti mifukoni. Mbele yao alikuwa Bibi Pang. Kwa umbo ni mdogo, lakini akienda sokoni kushoto soko zima linahamia kushoto. Mwanawe na mkwewe wana duka la viatu Valencia, Hispania, na yeye ndiye anayemlea mjukuu, Ningning, mtoto wa miaka tisa asiyependa kusema sana. Ikiwa Bibi Pang angevuka daraja, Weng alijua vizuri kabisa, wengine wote wangemfuata kama vifaranga.

Bibi Pang aliketi, akauona ubao. Weng alikuwa ameshaandika kichwa cha habari, kwa Kiingereza na kwa herufi za nyumbani. Bibi Pang hasomi Kiingereza. Herufi za nyumbani anazisoma vizuri.

"Mwalimu Weng," alisema polepole. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi, Bibi."

"Nimekuuliza siku, sikukuuliza Jumamosi."

Mbegu za alizeti zilinyamaza chumba kizima.

"Watoto wetu waseme kilio na giza," Bibi Pang aliendelea, "juu ya kichwa chake, siku anayofunga mizigo? Hata jambazi hamtukani polisi anayeondoka kwenda kuandika ripoti."

Bibi Shen, jirani yake, mnene, mcheshi, asiyemwacha Bibi Pang amalize jambo peke yake, alitema ganda. "Mwenzangu, ni Kiingereza. Mungu wa jiko hajui Kiingereza."

"Tangu lini umekuwa karani wake?"

"Kakijulia wapi? Maisha yake yote anatazama masufuria."

"Mwanangu alipokwenda Valencia alimbeba, akambandika jikoni kwake. Miaka yote hiyo yuko kule, anasikia wateja."

"Huko wanasema Kihispania."

"Basi aliyeweza Kihispania, Kiingereza kitamshinda?"

"Wewe, huyo ni wa Valencia. Wa kwetu ni huyu wa hapa chini."

"Ni mmoja."

"Mmoja anakaaje majiko yote?"

"Muulize mwenyewe, anapaa leo."

Kutoka chini ya sakafu sauti ya Mzee Lu ilipanda pamoja na mvuke: "Mama zangu, msigombane. Mdomo wake nimeshaugandisha. Hawezi kusema hata akitaka."

"Mdomo umegandishwa," Bibi Pang aliuambia ufa wa sakafu. "Masikio je?"

Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba Nyota Angavu leo wanaimba wimbo wa mtu wa theluji. Bibi wawili walianza kuokota mifuko yao. Weng alishika chaki mpaka ikakatika. Alifikiria kufuta ubao. Alifikiria machungwa aliyoyaona dukani jana, ambayo yangetosha kwa somo zima la matunda, na lebo za soksi.

"Bibi Pang," alisema, "watoto wamekesha na vitu hivi. Nikiwaambia warudi navyo, watarudi navyo na yaliyomo. Niambie tufanyeje ili wafundishwe, naye mungu wa jiko asiudhike. Wewe unajua. Mimi nasoma kalenda nusu."

Kuombwa ushauri mbele ya watu ni sukari ya aina yake. Bibi Pang alinyanyua kidevu, akafikiri, akainamia ufa. "Mzee Lu. Choo chako kina karatasi ya kizamani? Ile ya manjano."

"Ipo."

"Ilete."

Watoto waliokuwa wakubwa kidogo walielewa kwanza, wakaanza kuficha nyuso kwenye mitandio. Kila mkesha wa mwaka mpya, kabla ya chakula, bibi humkamata mtoto na kumfuta mdomo kwa karatasi ya msalani, ile ngumu kama gome, ili lolote baya litakalomponyoka mezani lisihesabike. Mdomo uliofutwa hivyo, maneno yake yana uzito wa ushuzi, na hakuna mungu anayefungua faili la ushuzi. Kuifanya kazi hiyo wiki nzima kabla ya mkesha haikuwahi kusikika. Lakini Bibi Pang alikuwa ameamua, na ilikuwa imeshakuwa mila.

Alipita safu kwa safu. "Toa mdomo. We, usicheke, ukicheka haishiki. Wewe nawe, una kikohozi, nakufuta mara mbili." Watoto walipiga chafya, wakalalamika, wakafurahi kuliko walivyofurahi mwaka mzima. Alipomaliza safu ya mwisho alibaki na kipande mkononi. Akamwangalia Weng.

"Na mwalimu."

Mtu aliyewahi kuwatafsiria wageni wa hariri hapendi kufutwa mdomo kwa karatasi ya choo mbele ya darasa lake. Weng aliutazama mlango, akautazama ubao. Kisha akainama, akautoa mdomo kama mtoto. Bibi Pang akaufuta kwa bidii, kulia na kushoto, kama anayesugua sufuria.

"Haya," alisema, akikaa. "Sasa jambeni."

Sina hakika kama Heqiao imewahi kuona darasa kama lile. Aliyeleta balbu iliyoungua aliinyanyua, na wote wakapiga kelele neno la mwanga hafifu. Aliyeleta mwavuli alipewa gloomy, neno la anga lililonuna, na Weng akawaonyesha jinsi uso wa mtu nao unavyoweza kununa bila wingu. Mwenye tundu la ndege alitaka neno kubwa kuliko yote. Weng akampa la msiba, akamwonya alitumie kwa kipimo, si kwa penseli iliyopotea. Mwenye chungu cha dawa alieleza kwamba babu yake amepona, chungu ndicho kinachohuzunika sasa kwa kukosa kazi. Bibi Shen alicheka mpaka chupa yake ya maji ya moto ikadondoka.

Ikafika zamu ya Ningning. Alifungua mfuko, akatoa sapatu za pamba za kiume, viatu vya kuvaa nyumbani, nene, mpya, nyayo zake nyeupe bado.

Bibi Pang aliacha kutafuna.

"Za nani hizi?" Weng aliuliza.

"Za baba. Bibi alimshonea." Ningning aliingiza mkono wote ndani ya moja. "Ziko chini ya kitanda. Ndani yake kuna giza, kwa sababu hakuna mguu. Nilitaka neno la hivyo."

Weng alilijua neno. Liko karibu na mwisho wa ukurasa, bleak: shamba baada ya kabichi kung'olewa, nyumba ambayo mtu angeweza kuwemo na hayumo. Kabla hajalitamka, kitu kilichakarisha nyuma. Bibi Pang alikuwa amechana kipande cha karatasi ya manjano na anajifuta mdomo mwenyewe. Aliufuta taratibu, akakikunja kile kipande, akakitia mfukoni.

"Kila anapopiga simu," alisema, hakumtazama mtu, "ananiuliza, Mama, hali. Namwambia nzuri. Kuku nimechinja, mtoto anakula, mguu hauumi. Mguu unauma. Hizo sapatu nilizishona majira mawili ya baridi yaliyopita, akasema atakuja mwaka huu, akasema mwaka ujao. Jioni, nikishafunga dirisha, nyumba yangu iko kama ndani ya hicho kiatu." Akainua macho. "Linaitwaje hilo, Mwalimu?"

Weng alimwambia. Bibi Pang akalijaribu: "Buliki."

"Vizuri sana, Bibi."

"Buliki," alirudia, akilionja. "Fupi. Nilidhani litakuwa refu."

Bibi Shen alishanyoosha mkono. "Leta hiyo karatasi, usijibanie." Akajifuta. "Mkwe wangu anapika supu bila chumvi, na mwanangu anaisifu. Nakaa pale katikati yao kama kijiko. Lina neno?"

"Upweke," Weng alisema, "lakini wa mezani," akampa la Kiingereza, na Bibi Shen akalitamka kwa kishindo ambacho mkwe wake, nadhani, alikisikia nyumbani.

Basi ikawa zamu kwa zamu. Karatasi ilizunguka. Bibi mmoja alitaka neno la jino la mwisho lililong'oka. Mwingine alitaka la mume ambaye yuko hai, tena mzima, ila ana televisheni. Mzee Lu alipanda na aproni yake, akajifuta mdomo kwa kona ya karatasi, akauliza kama Waingereza wana neno la tofu iliyokataa kuganda alfajiri baada ya kazi ya usiku mzima. Weng alifikiri kwa uaminifu, akamwambia wana maneno mengi ya hali hiyo, ila mengi hayafai mbele ya watoto. Watoto wakayaomba.

"Na wewe, Mwalimu?" Bibi Pang aliuliza ghafla. "Umefutwa mdomo bure?"

Chumba kizima kilimgeukia. Weng alifungua mdomo, na kwa mazoea ya miaka yote likaja lile la redio, sijambo, asante, likagonga meno. Akalirudisha.

"Naogopa soksi," alisema.

Walisubiri.

"Mdogo wangu ana kiwanda. Chumba hiki kikifungwa nitakwenda kuandika 'pamba' mpaka nizeeke. Mnavuka daraja mmoja mmoja, siwalaumu, kule kuna joto. Lakini kila ninaposikia milango ile ya kioo, hapa" — akajigonga kifuani — "panakuwa kama ndani ya sapatu."

Kisha kengele ya Mzee Lu ikalia chini, ile ya kuita watu wa mtaa kumuaga mungu wa jiko, na bibi wote wakakurupuka. Mifuko ilikamatwa, mitandio ikafungwa, ngazi zikapiga kelele. Kwenye meza karibu na mlango daftari la kuandikisha lilikuwa limefunguliwa, na kalamu juu yake. Bibi Pang alilipita. Bibi Shen alilipita. Wote walilipita, wakaenda chini kumchoma yule mungu wa karatasi ili apande na moshi.

Weng alifagia maganda ya alizeti. Kupitia ufa alisikia wakicheka huko chini. Alimpigia Deshun.

"Hakuna aliyeandika," alisema.

"Hata mmoja?"

"Nimejivua nguo mbele yao, Deshun, na hakuna aliyeandika."

"Basi baada ya sikukuu njoo. Nitakupa meza ya dirishani."

Mwaka mpya ulikuja kama unavyokuja, kwa fataki na keki za mchele. Weng alipika, alitembelea, alipokea wageni, alisema heri mia. Mumewe alinunua nyama nyingi akaikata vipande vinene, maana mwaka mpya hauombolezwi. Siku ya tano, maduka yanapofungua milango kumkaribisha mungu wa mali, Weng alipanda ngazi za duka la tofu kwenda kufunga virago. Alishakunja nusu ya kurasa ndani ya sanduku aliposikia kishindo cha ngazi, kizito, cha watu wengi.

Alikuwa Bibi Pang, na nyuma yake Bibi Shen, na nyuma yao wengine, mashavu mekundu, kila mmoja na kitu cha kula mkononi.

"Daftari liko wapi?" Bibi Pang alisema. "Na hilo sanduku la nini?"

"Nilidhani... Siku ile hamkuandika."

Bibi Pang alimwangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Siku ile? Mkiani mwa mwaka, nianzishe jambo jipya? Ili life na mwaka?" Akamgeukia Bibi Shen. "Nilikwambia. Anasoma herufi za juu tu."

Wakaandika. Si wote waliokuwepo siku ile; wawili walikuwa wamekwenda Nyota Angavu kwa ajili ya hita, na Bibi Pang aliwataja kwa majina na kwa sifa zao. Lakini watatu walirudi kutoka ng'ambo ya mfereji, maana mji mzima ulikuwa umesikia, na watoto wao hawakulala wakidai kufutwa mdomo. Bibi Shen aliandikisha mjukuu, kisha akajiandikisha mwenyewe. Alitaka, alisema, kumlaumu mkwe wake kwa lugha ambayo mwanawe haijui.

Bibi Pang alibaki mwisho. Ningning alikuwa dirishani akichora kwenye ukungu wa kioo.

"Mwanangu alipiga simu mkesha," alisema Bibi Pang. "Nilikuwa nimeshamfuta huyu mdomo, karatasi ilibaki, nikajifuta. Akaniuliza, Mama, hali. Nikamwambia buliki."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza. Huko simu ni ghali, na alinyamaza. Kisha akasema, Mama, hata huku." Akavuta pua, bila huzuni hasa, zaidi kama mtu anayesikia kitu kinapikwa. "Haji mwaka huu. Duka halimwachii. Lakini tuliongea mpaka mkwe wangu akamnyang'anya simu. Aliniambia mambo ya meno yake. Sikujua kwamba ana meno mabovu. Miaka yote hii nzuri, nzuri, na meno yanaoza."

Alisimama, akachungulia kurasa zilizokuwa sandukuni. "Baada ya ukurasa wa giza kuna nini?"

"Samani za nyumbani."

"Basi weka hizo kurasa mahali pake."

Hivyo ndivyo Heqiao ilivyobaki na madarasa mawili ya Kiingereza. Ng'ambo ile wana hita na kijana wa ndevu nyekundu, na ukimuuliza mtoto wao hali atakujibu haraka na kwa matamshi mazuri mno. Ng'ambo hii, kando ya ubao, kwenye msumari ambapo zamani ilitundikwa kalenda, limetundikwa bunda la karatasi ya manjano. Kalenda ilihamishiwa juu ya meza ya mwalimu, na tarehe za chini Bibi Pang amezikoleza kwa wino. Ukimuuliza mtoto wa Weng hali, kwanza atakuangalia kama kweli unataka kujua. Kisha atanyoosha mkono msumarini.